Kahawa ya Wodini

Siku nne mama yangu, Bi Zuleikha, alilala hospitali akishindwa kumaliza hata sentensi moja bila ya kutafuta pumzi. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Alikuwa na bomba la oksijeni puani, dripu mkononi, na ukali wake wote umebaki machoni. Niliogopa, tena sana.

Daktari wake, Dokta Lamya, alifanya kazi pamoja na Dokta Lin, Mchina aliyejifunza Kiswahili chake kwa wauza samaki. Wote wawili walinieleza kwamba dawa za sindano zinafanya kazi na homa imeteremka, lakini makohozi yameganda na mama hana nguvu za kuyatoa. Basi baada ya kupitia kila dawa anayotumia, walikubaliana aongezewe dawa ya mitishamba ya Kichina ya kulainisha kifua, sindano zikiendelea vile vile. Hali ikizidi, atahamishiwa kwenye mashine ya kupumulia. Hilo neno mashine sikulipenda hata kidogo.

Nikawa naipasha dawa nyumbani, naitia kwenye chupa ya chai, naipeleka. Mama akiionja tu, anaitema.

"Majani... siyanywi mie," alisema, na maneno hayo matatu yakamchosha.

Nilibembeleza, nikanuna, nikatishia kumwita kaka yake kutoka Mkokotoni. Wapi.

Alasiri ya siku ya tano wakaja majirani zetu wa Ng'ambo, Mzee Khatib na Bi Biasha. Mama mdogo Tabia hawezi kuona mgeni amekaa mikono mitupu, hata wodini, kwa hiyo alikuja na kikapu cha halua, finjani na chupa ya kahawa. Mimi nilikuwa mlangoni nikizungumza na muuguzi. Niliporudi, wageni walikuwa wanakunywa, na chupa iliyofunguliwa ilikuwa yangu.

Kahawa yetu ni nyeusi, chungu na haina sukari, sasa nani angeshuku? Mzee Khatib alipiga funda la kwanza, macho yakamtoka kidogo, akasema mashaallah, imekolea. Bi Biasha alimaliza yake bila ya kukunja uso, akasifu iliki. Tabia kwa furaha akamjazia tena, naye akanywa tena. Adabu hizi zitatuua siku moja.

Ikabidi niseme kwamba ile ni dawa ya mama. Mzee Khatib aliitazama finjani yake, akaiweka chini taratibu kama yai.

Hapo mama akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, sauti haitoki, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Akakohoa, akakohoa, na makohozi yaliyokataa siku zote yakaanza kutoka. Nilimkimbilia Dokta Lamya. Alimpima kifua, akasema hivyo ndivyo tulivyotaka, aachwe akohoe. Dokta Lin naye aliwapima wageni, akasema kiasi kile hakitawadhuru. Mzee Khatib akauliza kama dawa hiyo inafaa na kwa magoti.

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nipe. Wageni wangu... wamekunywa. Mie mwenyeji... ntakataaje?"

Akainywa yote, macho kayafumba. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Tangu siku hiyo aliinywa asubuhi na jioni, na sindano hazikukatizwa. Nilimuuliza Dokta Lamya ni ipi iliyomsaidia zaidi. Alisema kila moja ilikuwa na kazi yake, na kwamba kicheko hajui kukiandika kwenye faili.

Baada ya siku nne bomba la oksijeni likatolewa. Kesho yake nilikuwa bado ukumbini na kikapu changu niliposikia mtu wodini anamwambia muuguzi kwamba uji hauna chumvi, kwamba shuka hili lingemtia aibu mbele ya wageni, na kwamba binti yake Khairat amechelewa kama kawaida yake, na akifika atamweleza. Yote hayo kwa mkupuo mmoja, bila ya kusita popote kuvuta pumzi.

Nikakiweka kikapu chini, nikaegemea ukuta, nikamwacha anisengenye mpaka amalize.