Kipimo cha Hakima

"Hicho ulichoshika si tochi, Apo Haidar, ni kipisi cha sigara!"

"Ni tochi."

"Kama ni tochi, mbona umepita juu ya kokwa zangu kama punda aliyekata kamba?"

Fida, mwenye kinu cha kusagia unga, alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, sauti imefika ng'ambo ya mto. Haidar, ambaye watu wa pale walimwita Apo, yaani babu, alikuwa amesimama kwenye ngazi za mawe, ndoo mkono mmoja, tochi mkono mwingine, na chini ya viatu vyake shuka la kokwa za aprikoti ambazo Kulsum, mke wa Fida, alikuwa amezibangua siku nne na kuzianika. Nusu yake ilikuwa imegeuka uji mkavu.

"Nani anaanika chakula kwenye njia ya watu?" Haidar alijibu.

"Njia! Ngazi hii ni ya kwetu tangu babu yako hajaota ndevu."

"Babu yangu ndiye aliyeyapanga haya mawe."

"Na mjukuu wake ameshindwa kuyaona!"

Kicheko kikaporomoka kutoka juu ya dari ya kina Shukur, majirani wa juu. Kitongoji kile cha juu ya mji wa Khaplu kimepandana mlimani, dari ya huyu ndiyo ua wa yule, na umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Watu hawakuwa na televisheni. Walikuwa na Fida.

"Nitakulipa kokwa zako," Haidar alisema.

"Nani ametaja malipo? Mwenye kinu ni mimi, na wewe umenisagia bure. Mimi nasema habari ya tochi! Angalia yangu." Fida akaitoa mfukoni mwa koti, bati tupu, imebonyea pande zote. "Baba aliinunua mjini Skardu. Ina pete hapa shingoni. Zungusha, mwanga unapanda. Rudisha, unashuka. Kulsum katia nukta ya rangi ya kucha pale anapopapenda yeye. Haina akili, haina makuu. Hata mwenyewe ukifa leo, nukta utaiacha palepale!"

Kwenye dari ya kina Shukur watu wakanyamaza ghafla. Fida naye akasikia alichokisema, na kama kawaida yake, badala ya kufunga mdomo akaongeza mikono.

"Lete nikuonyeshe. Umelifungia jua humo ndani na hulijui."

Akamnyang'anya tochi, akakikandamiza kidude chake, hakukiachia. Mwanga ukapanda polepole kama maziwa jikoni, kisha ukafurika. Mipopla ya ng'ambo ya mfereji ikasimama myeupe, kuku wa Kulsum wakaanza kulalamika, mtoto fulani akapiga mluzi. Fida akaachia kidude.

"Haya! Mwanaume anatembea na kitu hiki, halafu anapapasa kama kipofu!"

Haidar aliipokea, akaizima, akaiwasha. Jua likatoka. Akazima, akawasha tena. Jua lilelile.

"Umemfuta," alisema.

"Nimemfuta nani?"

Haidar aliokota ndoo yake, ambayo haikuwa na tone la maji, akarudi kwake.

Kwa miaka thelathini Haidar alikuwa mpishi wa wapanda milima. Kila mwaka barafu ikilegea alikuwa akibeba masufuria yake na kupotea huko juu mpaka vuli. Mgeni mmoja, siku ya kuagana, akamwachia tochi ile, nyeusi, nene kama kidole gumba, yenye kidude kimoja tu. Ukikigusa tu inawaka au inazimika; ukikikandamiza mwanga unapanda mpaka mwisho, kisha unashuka; ukikiachia unasimama hapohapo, na tangu siku hiyo tochi inakumbuka. Haidar hakuwahi kuielewa. Aliyeielewa ni mkewe Hakima, ambaye hata barua alikuwa akisomewa na wengine. Kwa kiangazi kimoja aliichezea, akaipa kipimo chake, na hakuna mkono mwingine uliokigusa kwa miaka sita.

Hakima alifariki mwezi wa maua ya aprikoti. Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa, na ndala zake, na hata kitana. Mtoto wao yuko Karachi, hupiga simu kila Ijumaa, huuliza "Umekula?" Haidar hujibu amekula. Kilichobaki kikiwa jinsi alivyokiacha yeye kilikuwa mwanga ule hafifu, rangi ya chai ya pili. Kila baada ya magharibi Haidar aliuwasha na kushuka nao mpaka kwenye chemchemi, hata siku ambazo mtungi ulikuwa umejaa.

Usiku ule alikaa kitandani na kidude. Alipandisha, akashusha, akaachia. Hapana. Akashusha zaidi. Labda. Akazima, akawasha, si huu. Ukutani ulionekana sawa, kwenye kiganja ukaonekana mwingi. Hapakuwa na pete, hapakuwa na nukta, wala namba ya kushika. Na jambo lililomuuma kuliko Fida ni kwamba hakuwa na hakika anatafuta nini. Mkewe alitembea na mwanga ule jioni za kiangazi, na kiangazi yeye hakuwepo.

Kesho yake magharibi ilipita bila tochi. Alishuka gizani, akihesabu mawe kwa unyayo. Alipofika kwa Fida, dirisha la jiko likafunguka.

"Apo!" Alikuwa Kulsum. "Mbona leo giza? Nimeuacha unga mkavu nangoja upite. Mimi saa yangu ni wewe."

"Muulize mumeo."

"Nimemuuliza tangu jana. Anasema eti amemfuta mtu. Nikamwambia wewe na mikono yako, siwezi kubisha."

Fida akatokea mlangoni, ameshika tochi yake ya bati kama mtu anayerudisha kuku wa wizi. "Chukua hii, Apo. Ni yako. Basi, yaishe."

"Sitaki tochi," Haidar alisema. Kisha, kwa kuwa giza lilikuwa limemficha uso, akawaambia habari ya kipimo cha Hakima. Hakuchukua muda mrefu; maneno yenyewe hayakuwa mengi.

Fida alifungua mdomo, akaufunga. Watu wa dari ya kina Shukur watakuja kuapa kwamba haijawahi kutokea tena.

"Unayo hapo?" Kulsum aliuliza.

Alikuwa nayo mfukoni.

"Shuka mpaka jiwe la tano, pale palipopasuka. Ishike chini, ubavuni, kama mtu aliyebeba kitu mkono wa pili. Mimi nipo dirishani, palepale nilipokuwa nikimwona Api Hakima." Akasubiri. "Washa. Sasa punguza. Punguza. Apo, huo ni wa harusi, punguza! Hapo umepitiliza, ameshaanguka huyo. Panda kidogo. Mwanga wake ulikuwa unaonyesha ndala zake zile za kijani na jiwe moja mbele. Jiwe la pili, hapana. Na ukutani kwa kuku haukufika kabisa, kuku hawakuwahi kushtuka. Panda. Kidogo. Kido... achia!"

Aliachia. Mwanga ulilala miguuni pake, jiwe moja mbele, basi.

"Zima, uwashe."

Ukarudi uleule.

"Ni wenyewe?" Haidar aliuliza.

Kulsum akauangalia tena. "Ni wenyewe. Nimesikia kama anakuja."

Haidar akabaki ameuangalia. "Lakini kwa nini hivi? Ungeweza kuwa mwanga wa kutosha. Angejikwaa."

"Hakukwambia?" Kulsum akafuta mikono kwa ushungi. "Wewe ukiwa mlimani, Api Hakima hakuweza kula peke yake. Tonge lilikuwa linamkwama. Kila jioni alifunika mkate wake kwa kitambaa akaja kukaa nasi. Na hakutaka kina Shukur waone, waje kusema mke wa Haidar anazunguka milango ya watu. Ndiyo maana akaupunguza mpaka ukamtosha yeye na jiwe moja."

Haidar alijaribu kuhesabu jioni hizo, kiangazi baada ya kiangazi, akaacha. Nyumbani kwake mtungi ulikuwa umejaa, na sufuria ya jana ilikuwa na wali ambao hakuugusa.

Fida akakohoa, akajivuta pembeni, akauacha mlango wazi kabisa. Harufu ya kokwa zilizopondwa na tambi za ngano ikatoka nje.

"Prapu," alisema. "Mchuzi wa kokwa zako ulizozisaga kwa viatu. Zima hiyo, Apo, usije ukamaliza betri yake. Ingia tule."