Udongo Mweusi wa Mama Mkwe

Dereva wa lori waliyemwita Breki, kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo, alikaa mezani kwa mama mkwe wake ulimi umemganda. Mbele yake kulikuwa na sahani ya mboga za majani zilizochumwa asubuhi ile nyuma ya nyumba. Zilikuwa zimenawiri kweli, hilo hata adui angekiri, na kila jani lilimsuta.

Udongo uliozikuza aliuleta yeye. Kazi yake ilikuwa kuhamisha udongo kutoka gereji moja kubwa iliyofungwa, ambako matangi ya dizeli yalivuja chini kwa chini kwa miaka mpaka maji ya ardhini yakaharibika. Kila tripu ilitakiwa iende moja kwa moja kwenye uwanja wa kusafishia, ikafunikwe turubai. Lakini ua wa mama mkwe ulikuwa na mashimo, na tangu harusi mama huyo alikuwa akimsalimia kwa shingo upande. Siku moja Breki akaona udongo mweusi tititi, akajidanganya kwamba weusi ule ni rutuba, akakata kona hadi kwa mama mkwe.

Msimwonee huruma haraka. Kule gereji alivaa barakoa. Alipofika kwa mama mkwe aliivua, mama asije akauliza.

Siku hiyo mama alimwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza. Kisha mvua zikaja, mboga zikaota, na Breki akaanza kukosa usingizi, maana alimsikia mtaalamu wa udongo akisema kwamba mvua huishusha sumu hadi kwenye maji, nayo ikatembea na maji hayo mpaka kwa majirani.

"Kula basi, mwanangu," mama alisema. "Au mkeo siku hizi anapika vizuri?"

"Nimeshiba kidogo, mama."

"Hujagusa kitu, umeshiba nini?" Akachota kijiko, akampelekea mjukuu wake aliyekuwa amempakata.

Breki aliinuka, akakidaka kijiko mkononi mwa mama mkwe, jambo ambalo hakuna mkwe mwenye adabu angelithubutu. Akasema yote akiwa amesimama: gereji, dizeli, barakoa. Aibu ilimchoma hadi masikio.

"Nilijua, mama," alimalizia. "Nilitaka unipende."

Mama alimfuta mtoto mdomo, ingawa mtoto alikuwa hajala kitu.

"Harufu niliisikia siku ile ile," alisema taratibu. "Nikasema ni lori lako hilo bovu."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza. Jirani alikuja hapa, akasema maji ya kisima chake yananuka mafuta. Nikamfukuza. Nikamwambia ni wivu tu unamsumbua, mkwe wangu hawezi kuniletea uchafu. Mpaka leo hatusemeshani."

"Kisima chenyewe bado anakitumia?"

"Atatumia nini kingine? Ana wajukuu kama mimi."

Mama alimweka mtoto begani, akaichukua sahani na kumwaga mboga zote kwenye ndoo ya taka. Halafu akafungua mlango, akasimama kando kumpisha mkwewe.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi sina uso wa kubisha hodi pale."