Watu Sita wa Kujaza Daftari

Asubuhi hiyo mjumbe wa mtaa alikunywa chai bila kuisikia ladha, jicho lote liko kwenye daftari la zamani pale mezani. Katibu wa chama kalitaka kabla ya saa sita. Majina ya wakimbizi wote wa mtaa, basi. Na aliye namba moja humo ndani ni mkwewe, mama wa wajukuu zake, ambaye dakika hiyohiyo alikuwa anamwongezea chai.

"Baba, sukari imekutosha?"

"Imetosha, mama." Wala hakuwa na habari nayo.

Sasa hilo daftari lina mambo yake. Miaka kumi na miwili nyuma, wakimbizi walipoingia na mizigo kichwani, chama kilisema hawa ni ndugu zetu. Redio ikasema, mtaa mzima ukasema, watu wakagombania kuwapa vyumba. Kisha yakaja mablanketi na sabuni, kwa walioandikwa tu. Ehe, hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Muuza nyama, mzaliwa wa hapahapa, alikuja na mkewe na watoto wanne, wamejifunga matambara, yeye anachechemea na mguu mzima.

"Niandike, mzee, na mimi nimekimbia."

"Umekimbia nini?"

"Maisha."

Mjumbe alicheka mpaka machozi, akawaandika wote sita. Nani angejua blanketi lina mkia mrefu hivyo?

Mwaka huu chama kimepata wakubwa wapya na maneno mapya: wageni ndio wamepandisha bei ya unga, warudishwe kwao. Mtaa nao ukageuza shingo. Na anayepaza sauti kuliko wote ni nani? Muuza nyama. Shati la chama halivui, na damu ya mbuzi juu yake.

Mjumbe aliwahi kufikiria kuchana ukurasa. Lakini kila ukurasa una namba na muhuri.

Ofisini, katibu, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, aliteremsha kidole kwenye majina, kikasimama.

"Huyu wa nyama anafanya nini humu? Huyu mwenzetu."

"Alitaka blanketi."

Katibu akachukua rula, akamfuta muuza nyama na familia yake, taratibu, mistari imenyooka.

Mjumbe akamwonyesha mstari wa juu. "Basi na namba moja, mwanangu. Ni mkwe wangu. Kazaa watoto watatu hapa."

"Ana kadi ya chama?"

"Aliomba, mkamnyima."

"Sasa mzee unataka nifanyeje?" Akajumlisha, akakuna kichwa. "Ila tuna tatizo. Mkubwa alishatangaza redioni mtaa wako una ishirini na watatu. Wamebaki kumi na saba. Nitafutie sita wa kujaza, kabla ya saa kumi."

"Niwatoe wapi?"

"Mtaa si wako?" Akamrudishia daftari.

Njiani watu, wakiliona daftari kwapani, walimwamkia kwa heshima ya ajabu. Wengine walimwona, wakavuka barabara. Muuza nyama akamwita toka buchani.

"Mzee, wanaondoka lini hao?"

"Na wewe ulikuwemo. Wamekufuta. Wanataka sita wa kuziba pengo lako."

Kisu kikasimama juu ya mfupa. Muuza nyama akajifuta jasho, akatazama huku na huku, akainama.

"Yule muuza mkaa," alinong'ona. "Matamshi yake mimi siyaelewi-elewi."

Muuza mkaa kazaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, mjumbe anamjua tangu anatambaa. Wateja waligeuka kumtazama ng'ambo ya barabara, anajaza makopo yake. Hakuna aliyekataa.

Nyumbani, mkwe alikuwa ameshashusha begi juu ya kabati. "Baba, wamesemaje?"

Mjumbe akaketi. Akavaa miwani, akafungua daftari, akaandika polepole. Mkewe akasogea, akasoma begani kwake, akamshikia daftari lisiteleze.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya katibu. Katibu akasoma: mjumbe mwenyewe, mkewe, mwanawe, wajukuu watatu.

"Mzee, hii nini?"

"Sita," alisema mjumbe. "Hesabu."