Pacha Waliopimwa Uso

Sheria ilikuwa fupi: Australia nzima, asiwepo mtoto wa chini ya miaka kumi na sita mwenye akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Mitandao iliambiwa ichukue hatua za maana. Hatua zipi, ijijue yenyewe. Basi kila ndege akaruka kwa ubawa wake. Mmoja ulifunga akaunti kwa kukisia tu, mwingine ukadai kitambulisho. Ule waliokuwa wakiutumia Tamsin na Briony, pacha wa miaka kumi na tano kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Gippsland, uliomba picha ya uso ili ukadirie umri.

Briony alikadiriwa miaka kumi na tisa, akapita. Tamsin alikadiriwa kumi na tatu, akaambiwa ajipime tena, mwisho Ijumaa, la sivyo akaunti ifungwe.

Tamsin alichukia, kisha akashangaa, na mshangao ukashinda. Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Hata baba yao huwaita kwa jina lolote linalomjia kwanza. Tena akaunti ile haikuwa mchezo kwake. Rafiki zake wote wa klabu ya farasi walikuwa humo, na jirani wa karibu alikuwa mbali hata kwa gari. Ikifungwa, atabaki kuongea na ndama.

Akaanza uchunguzi. Alijipima dirishani, akajipima kivulini. Akabana nywele kama Briony, akavaa shati la Briony, akakunja uso mpaka mashavu yakamuuma. Bado mtoto.

"Mashine inamjua mkubwa," Briony alimtania, akipaka Vegemite kwenye mkate. "Nilitangulia kuzaliwa."

"Kwa dakika ngapi, we bibi kizee?"

"Zinatosha. Niamkie."

Alhamisi alasiri Briony alimwonea huruma. "Lete simu nikupitishie. Si uso ni uleule?"

Tamsin alishangaa kwa nini hakuliwaza hilo mapema. Wakasimama mlangoni mwa banda la kukamulia, Tamsin akamwelekezea dada yake simu. Uso wa Briony ukajaa kwenye duara. Huo uso aliuona kila siku kama mtu anavyouona mlango wa kwao. Sasa aliuchungulia, atambue mashine iliona nini. Chini ya macho palikuwa peusi. Midomo imepasuka. Katikati ya nyusi palikuwa na mkunjo usioondoka hata Briony alipotabasamu.

Tangu baba aumie mgongo, Briony ndiye aliyeamka kabla ya jua kuchomoza ili akamue ng'ombe na mama. "We lala, mimi napenda alfajiri," alisema, na Tamsin alimwamini kwa kuwa kuamini kulimfaa. Aibu ikamshika.

"Bonyeza basi, shingo inauma."

"Bri, kweli unapenda kuamka alfajiri?"

Briony alicheka kidogo, akaacha. "Nani anapenda?"

Tamsin akatia simu mfukoni.

"We, kesho wanakufungia."

"Wafunge. Nionyeshe jinsi ya kuwavisha ng'ombe hivyo vikombe vya mashine ya kukamulia. Kesho ulale."

Briony alitaka kumtania, akashindwa. Akalia, na alipokuwa akilia alionekana ana miaka yake kumi na tano.