Upande wa Jioni wa Maqanda

Nomagugu alikuwa amemaliza kumchora Maqanda kwa penseli. Kilichobaki kilikuwa rangi, na hapo ndipo roho ilikuwa juu juu. Mama yake, MaZungu, alibakiwa na jicho moja tu, nalo ukungu ulikuwa ukilifunika. Asipomwona ng'ombe wake sasa, basi tena.

Maqanda hakuwa ng'ombe hivi hivi. Dada mkubwa wa Nomagugu alipoolewa, katika ng'ombe wa mahari huyu ndiye aliyeletwa awe wa mama, si wa baba wala wa ukoo. Akaitwa Maqanda, yaani mayai, kwa madoa yake madogomadogo, kama ya mayai ya ndege wa nyasini. Jamani, siku zile pale nyumbani Nongoma! MaZungu alisimama mlangoni pa jikoni asubuhi na jioni akimtazama kwa mbali, maana mke haingii zizi la wakwe zake. Hata siku moja hakumgusa.

Nomagugu akachukua chaki zake laini. Akaanza na rangi ya maziwa, si nyeupe tupu. Juu yake akapitisha rangi ya udongo kwa mkono mwepesi, kisha madoa meusi yenye kahawia kidogo, kwani weusi wa ng'ombe juani una wekundu ndani yake. Penye mng'ao wa mgongo akaacha karatasi wazi.

MaZungu akaisogeza picha hadi puani. Akasonya.

"We mtoto, mbona unanifukuzia ng'ombe?"

"Mama! Si ndiye huyu?"

"Ndiye. Lakini kichwa kimeelekea mtoni. Huyu ni wa asubuhi, wewe ulimwona ukienda shule. Siku mto ulipomchukua, nilisimama mlangoni jioni nzima. Mimi bado namngoja wa jioni."

Nomagugu akashikwa na uchungu. Upande wa pili, ule unaoonekana ng'ombe akirudi, hakuukumbuka hata kidogo. Akatandika karatasi nyingine.

"Basi nitajie, Mama."

"Begani doa kama kiganja. Tumboni madoa yamejaa, yanapungua kuelekea pajani. Aka! Umezidisha, ng'ombe wangu hakuwa na upele!"

Walicheka mpaka Nomagugu akaiweka chaki chini.

Jua lilipopinda, Maqanda wa karatasini alikuwa ameelekea nyumbani. MaZungu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole begani pa ng'ombe, taratibu. Rangi ikamshika nchani.

"Kumbe wewe ni laini hivi," akasema.