Kasi ya Jeruto

Jeruto alipokuwa hai, Mzee Kiprugut hakuwa na haja na ile santuri. Ya nini kumsikiliza mke kwenye sahani nyeusi, na mwenyewe yuko jikoni anagombana na kuku? Santuri ilikaa juu ya kabati pamoja na gramafoni ya hendeli ambayo baba yake aliachiwa na mzungu wa shamba moja la Njoro, vyote vikila vumbi. Ni baada ya mazishi ndipo alipovishusha.

Jeruto alirekodiwa angali msichana, kabla hawajajuana, aliposafiri na kwaya ya kanisa hadi Nairobi. Yeye ndiye aliyeongoza wimbo. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote duniani. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, isiyohifadhi sauti, na alikuwa akiikaripia kama mbwa aliyeingia sebuleni.

Sasa, springi ya gramafoni ilikuwa imechoka. Kiprugut alizungusha hendeli mpaka ikagoma, lakini sahani ilizunguka kivivu, kama ng'ombe anayerudi zizini ameshiba. Kwa kuzunguka hivyo, sauti ya yule msichana ilishuka, ikawa nzito, ikakwaruza kidogo. Mara ya kwanza kuisikia, mzee aliinuka kitini. Alikuwa Jeruto wa uzeeni, yule wa mwaka wake wa mwisho, anayeita kutoka mlangoni kwamba chai inapoa. Tangu hapo, kila alasiri, katika nyumba yao ya Kiamunyi, alipiga hendeli akaketi na mkewe. Hakumwambia mtu. Mtu mzima na heshima zake angeanzia wapi kueleza jambo kama hilo?

Binti yake Chelagat, aliyefanya kazi katika shamba la maua Naivasha, alikuja nyumbani Jumamosi moja akaisikia akiwa bado anavua viatu.

"Baba! Hii kitu inaimba kama mtu anazama! Mwonee mama huruma."

"Iko sawa."

"Iko sawa wapi? Si kila mtu husema mama alikuwa na sauti ya ndege?"

Mzee akainua sindano.

Ibada ya ukumbusho ilipokaribia, Kiprugut alikwenda Molo kumwona dada yake. Aliporudi alikuta gramafoni mezani, imepigwa rangi ya mbao mpaka inang'aa. Chelagat alisimama kando yake akitabasamu, na Sitati, fundi wa redio kutoka mjini, alikuwa akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Karibu, mzee wangu," Sitati akasema. "Springi yako ilikuwa imekufa kitambo. Nimeweka ingine. Sasa inakimbia vile ilitoka kiwandani."

Chelagat akashusha sindano.

Msichana akaimba. Sauti nyembamba, nyepesi, yenye haraka ya mtu ambaye hajawahi kufiwa. Ilikuwa nzuri. Kiprugut alisikiliza mpaka mwisho, akingoja mkewe aingie. Hakuingia.

"Ni nani huyu?"

Chelagat akacheka. "Ni mama! Mama mwenyewe."

"Huyu ni mtoto wa watu. Hata mahari yake sijapeleka." Akaiondoa sindano. "Mimi nilizika mwanamke mwingine, Chelagat. Yule uliyesema anazama. Alikuwa ananiita ninywe chai."

Chelagat aliziba mdomo kwa kiganja. "Baba, si ungesema!"

"Ningesema nini?"

"Na ile springi ya zamani?" Chelagat akamgeukia fundi.

"Hiyo ilienda na watu wa skrapa. Lakini tulia, kuna hiki kishikio cha kupunguza mwendo. Tutashuka polepole mpaka tumpate. Mzee mwenyewe atasema."

Kiprugut akavuta kiti. Kwa hilo hakuwa na shaka. Hata katikati ya kelele za soko angemtambua Jeruto.

"Hapa, mzee?"

"Huyo bado msichana."

"Hapa?"

"Huyo ni mwanamume. Tena mlevi."

Chelagat alicheka huku akifuta machozi.

"Hapa?"

"Rudi juu kidogo. Kidogo, nimesema! Unaendesha trekta?"

Sindano ikarudishwa mwanzo, ikarudishwa tena. Wanawake wakaja mmoja mmoja kutoka kwenye sahani. Huyu alikuwa na mkwaruzo lakini hakuwa na pumzi. Yule alikuwa na pumzi lakini alikuwa na haraka. Na kila aliyepita alikanyaga mahali Jeruto alipokuwa amesimama kichwani mwa mzee, kama mbuzi wanavyofuta nyayo njiani. Mwishowe Kiprugut alimtafuta Jeruto wa kweli kichwani mwake, ili apate wa kumlinganisha nao. Akawakuta hao hao wa kishikio, wote wakiimba.

"Hapa, baba?"

Aligeuka. Chelagat alikuwa amekunja mikono kifuani, macho mekundu, anangoja hukumu.

"Hapo," mzee akasema. "Hapo hapo. Ndiye."

Chelagat aliketi sakafuni akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu. Sitati akachukua bisibisi, akachora mstari kwenye bati kando ya kishikio. "Asipotee tena," akasema.

Kiprugut akanyoosha mgongo, akaweka mikono juu ya magoti kama afanyavyo mtu mbele ya mgeni, akamsikiliza yule mwanamke mpaka wimbo ukaisha.