Mafungu Sita Kichwani

"Mama, nusu jumlisha theluthi ni ngapi?"

Mama alikuwa msusi. Mtaa mzima ulimwita Vidole kwa wepesi wa mikono yake, na wakati huo alikuwa akichana nywele za nesi wa zahanati ya jirani. Binti yake wa darasa la tano alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, daftari na kitabu cha hesabu mapajani.

"Rahisi hiyo. Juu, moja na moja, mbili. Chini, mbili na tatu, tano. Andika mbili ya tano."

Binti akaandika, kisha akakunja uso. "Lakini mbili ya tano haifiki hata nusu. Tumeongeza, halafu imepungua?"

Nesi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Vidole hakucheka. Hesabu za sehemu ndizo zilizomfanya aikimbie shule. Mwalimu alimwambia hana kichwa cha hesabu, naye akaamini miaka yote hiyo. Ulimi wake ulikuwa tayari kusema, "Kamuulize mwalimu wako." Akayameza maneno hayo. Mtoto ameuliza swali la maana, atafukuzwaje?

"Dada, niazime kichwa," akamwambia nesi.

"Si unacho tayari?"

Vidole akachora mstari kwa ncha ya chanuo, kutoka paji la uso hadi kisogoni. "Hizi nusu mbili." Kisha akapitisha mistari miwili ya kukata, sikio hadi sikio. "Na hizi theluthi tatu: mbele, katikati, nyuma." Akabana kila fungu kwa kibanio, akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Mafungu sita," binti akasema.

"Sita. Sasa nusu ni mafungu mangapi?"

"Matatu."

"Na theluthi?"

Binti akahesabu yale ya mbele. "Mawili. Matatu na mawili... matano. Mama! Tano ya sita!"

Vidole akabaki ameshika chanuo hewani. Kumbe ndiyo hiyo tu! Nusu na theluthi hazijumlishiki mpaka zikatwe mafungu yanayolingana. Akageuka kujiangalia kwenye kioo kana kwamba amesikia mtu mwingine akiongea.

"Nipe nyingine," akasema.

"Na mimi nisukwe lini?" nesi akauliza. "Nina zamu mchana."

"Utasukwa, dada yangu. Hii ya mwisho, na sigusi kichwa chako."

Binti akatafuta kitabuni ngumu kuliko zote: robo jumlisha theluthi mbili. Vidole akachukua kipande cha sabuni, akachora mraba juu ya kioo. Mistari mitatu ya kusimama, miwili ya kulala. Vyumba kumi na viwili. Robo ikachukua vitatu, theluthi mbili zikachukua vinane.

"Kumi na moja ya kumi na mbili," akasema, taratibu, akilitafuna kila neno.

Binti akafungua majibu nyuma ya kitabu. Jibu lilikuwa lilelile. Akaruka kutoka kitini, akamkumbatia mama yake kiunoni kwa nguvu.

"Haya basi, hongera, mwalimu," nesi akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Jioni ile Vidole alifagia saluni, akafuta meza, akakunja taulo. Kioo hakukigusa. Kesho yake mteja wa kwanza akauliza huo mchoro ni wa nini.

"Kaa," Vidole akamwambia, akimvutia kiti. "Nikueleze."